Darasa la Madalali na Nyumba ya Baba

Baba alicheka siku nilipomwambia naenda kusomea udalali. Aliweka kikombe cha chai chini kwanza, kisha akacheka kwa nafasi. "Udalali nao unasomewa?" akauliza. "Si mdomo tu?" Mama alikuwa mlangoni anachagua mchele, akamwambia aniache.

Tulikuwa Turiani, kwenye nyumba ya kampuni ya sukari waliyokaa wazazi wangu tangu sijazaliwa. Mimi nilikuwa dalali wa vyumba Mafiga, mjini Morogoro, na kusema kweli nilikuwa upande wa baba. Kazi yangu niliijua. Nilijua nani anahama kabla mwenye nyumba hajaambiwa, nilijua nani hataki mpangaji mwenye watoto na nani hataki mtu wa kukaanga dagaa uani. Lakini kulikuwa na maneno kwamba madalali tutaanza kupewa leseni, na asiye na mafunzo atakaa pembeni awatazame wenzake wakila. Nikajiandikisha kwa shingo upande.

Darasa lilikuwa kwenye ukumbi wa kukodi, njia ya kwenda Mazimbu. Mwalimu wetu alikuwa mstaafu wa ofisi ya ardhi, mzee mmoja aliyeongea polepole na sauti yake haikupanda wala kushuka. Alitufundisha aina za umiliki, mikataba, mipaka, kodi za serikali. Mimi nilisinzia kwa heshima, mkono shavuni, kalamu mkononi.

Aliniamsha siku aliyotufanyisha zoezi. Aliniita mbele niwe muuza nyumba, akamwita mwenzangu mmoja awe dalali. Mwenzangu akaniuliza, "Dada, nyumba ni yako?" Nikajibu ni yangu. Mwalimu akamsimamisha. "Hapo umepata nini?" akamwuliza. "Kila mtu atakwambia ni yangu, hata mwizi. Muulize ameipataje." Basi nikaulizwa nimeipataje, nikasema nimerithi. Kwa nani? Kwa baba. Mlikuwa wangapi? Mama yenu yuko wapi? Wadogo zako wanajua? Nilianza kutoka jasho kwa ajili ya nyumba ambayo haipo. Darasa zima lilicheka, mimi nikakasirika kwelikweli, nikarudi kukaa kabla sijaambiwa.

"Mwalimu," mmoja akasema kutoka nyuma, "tukiuliza namna hiyo tutakula wapi?"

Mzee alifikiri. Akasema hilo yeye halijui, maana hajawahi kuwa dalali. Anachojua ni kwamba dalali akishapata chake anaondoka, na wanaobaki ni mnunuzi na muuzaji, nao alikuwa akiwaona ofisini kwake mpaka wanazeeka. Nilimpenda kidogo kwa jibu lile, ingawa sikuona litanisaidia nini katika kutafutia watu chumba na sebule.

Baba alistaafu mwaka huohuo. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha sukari, alitoka Njombe kijana na maisha yake yote ya kazi aliyaishi katika nyumba ya kampuni. Ile nyumba haikuwa mbaya. Ila huwezi kupigilia msumari ukutani bila ruhusa, na rangi yake walichagua wengine. Mama alipanda mpapai uani, ukaja ukakatwa na watu waliotumwa kutengeneza bomba la maji, nao walikuwa na haki. Baba hakuwa mtu wa kulalamika, lakini jambo moja alilirudia miaka yote, akiwa amekunywa na akiwa hajanywa: kabla hajafa anataka kukaa kwenye nyumba ambayo hakuna atakayekuja kubisha hodi kumwambia muda wake umekwisha.

Sasa walikuwa wamebisha. Walimpa muda wa kujiandaa, kwa adabu, kama ilivyo kawaida.

Rafiki yake wa kiwandani akamwambia kuna mtu anauza shamba milimani, juu ya misheni, lenye nyumba ndogo na maji yasiyokauka. Baba alikwenda kuangalia, akarudi mtu mwingine. Alikuwa anaongea wakati wa kula. Alimwambia mama kwamba kule kunalalwa na blanketi mwezi wa kumi na mbili. Kisha akanipigia simu, akasema nije kama dalali wake, na akaongeza kwamba cha juu, kile dalali anachojiongezea kwenye bei, sitapata.

Tulikwenda watatu. Pikipiki zilituacha barabara inapoishia, tukapanda kwa miguu katikati ya matuta ya maharage na karoti, ukungu bado uko kwenye migomba. Baba magoti yake ni mabovu, lakini siku ile alitangulia. Alipofika aligeuka kutungoja, ameshika kiuno, anatabasamu kama mwenyeji.

Muuzaji alikuwa mwanamume mzee kiasi, mpole, amevaa mabuti ya mvua. Alitukaribisha ndizi za kuchemsha. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba viwili na baraza, na nyuma yake mfereji ulipita unaongea peke yake. Baba alinishika mkono akanipeleka mpaka kwenye maji. "Chota uone," akasema. Nikachota. Yalikuwa baridi mpaka meno yakauma. Mama alikuwa ameshainama kwenye udongo, anauponda kwa vidole.

Mimi nilikuwa na la kufanya moja tu, nikae kimya. Shamba lilikuwa zuri, muuzaji hakuwa na sura ya utapeli, baba alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona. Lakini swali lilishakaa mdomoni. Yule mzee wa ukumbini alikuwa ametukaririsha mpaka tumelichukia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Shamba lako zuri sana. Umelipataje?"

"Nalima hapa tangu nilipooa," akasema.

Baba alinitazama. Nikajifanya sijamwona.

"Ulipooa, nani alikuonyesha hapa?"

"Mama mkwe."

"Na mke wako, mzee?"

"Amefariki. Tumemlaza kule kanisani."

"Pole sana. Upande wake amebaki nani?"

Alitazama bondeni. "Dada yake yupo. Anakaa pale chini, penye bati jipya."

"Anajua kwamba unauza?"

Hapo baba akaingilia. "Mwanangu, tumekuja kununua au kupeleleza watu?" Lakini yule mzee alinyoosha mkono kumzuia, akanijibu bila hasira. "Ninauza nilichokifanya mimi," akasema. "Migomba hii nimepanda mimi. Matuta nimeyachimba mimi, nyumba nimefyatua tofali kwa mikono yangu. Sasa nataka kurudi kwa watu wa mama yangu, nikazeekee huko. Niende mikono mitupu?"

Hakuwa ametudanganya. Kwa Waluguru, wenyeji wa milima ile, ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama. Watoto ni wa ukoo wa mama yao, na mume aliyeletwa shambani na mkewe hulima akiwa mkwe, hata akilima mpaka nywele ziwe nyeupe. Mti aliopanda ni wake na ukuta aliosimamisha ni wake, lakini udongo una wenyewe. Yeye alikuwa anauza jasho lake. Sisi tulikuwa tumepanda mlima kununua ardhi. Baba yangu, mtu wa Njombe, alimwona mwanamume mwenye mvi na jembe mkononi, mke hayupo, basi kwake hapakuwa na la kuuliza zaidi. Mimi niliyekulia Turiani, katikati ya watu wa kila mkoa, habari hizo nilizisikia tangu utoto, kama unavyosikia mambo ya jirani. Lakini sidhani kama ningezikumbuka pale kwenye maji, mbele ya uso wa baba, bila lile zoezi lililonitoa jasho.

Dada mtu alipanda mwenyewe. Alikuwa ameona wageni. Mwanamke mzee, mwembamba, kanga imefungwa kiunoni, mikono ina udongo wa karoti. Alisalimia, akauliza tumekuja kwa heri gani, nikamwambia. Hakupandisha sauti. Alimgeukia mkwe wao.

"Shemeji, ndizi zako uza," akasema. "Bati zako ng'oa, ni zako. Ardhi utaibeba na nini?"

Yule mzee aliinamisha kichwa. Kisha yule mwanamke akatugeukia, akatuambia tunywe maji na tupumzike, njia ya kurudi ni ndefu.

Baba alishuka mlima mzima ametutangulia. Tulipofika barabarani akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kumbe ulikwenda kusomea kuninyima nyumba," akasema, akapanda pikipiki. Maneno yale yaliniuma mpaka leo nikiyakumbuka nasikia yanauma. Nilirudi Mafiga nimemchukia mwalimu wangu, kwa kosa la kunifundisha vizuri. Niliona darasa lile linafaa kwa nyumba za watu wengine.

Nilimtafutia baba viwanja vingine. Nilimpeleka Kihonda, mahali pamepimwa, mawe ya mipaka yanaonekana, hakuna utata. Alisimama katikati ya kiwanja, jua limemkaa kichwani, akasema, "Hapa hata mjusi anatafuta pa kwenda." Nikampeleka kwingine, akakataa kushuka. Muda aliopewa na kampuni ulikuwa unayoyoma, na yeye alikuwa amenuna na mimi pamoja na dunia.

Mama wakati huo alikuwa anakuja kwangu mara kwa mara. Siku za gulio alikwenda sokoni na kurudi na kabichi nyingi kuliko tunazoweza kula. Sikuelewa. Siku moja tunaosha mboga uani, akasema bila kuniangalia, "Yule dada mtu, mwenye shamba la kule mlimani, anauza mboga pale gulioni, upande wa karoti. Amesema nikakae."

"Ukakae wapi?"

"Kule. Shemeji yake anaondoka, binti zake wako Dar na hawana mpango wa kurudi. Anaogopa kubaki peke yake, na anaogopa shamba lisigeuke pori. Nilimwambia mimi sijawahi kupanda mti nikauona ukizaa. Akaniambia njoo upande."

Mara hiyo nilikwenda mimi mwenyewe kuuliza vizuri. Nilimpigia simu mwalimu pia. Alinipa jibu refu kama kawaida yake, na sikusinzia. Alisema nisikubali neno la mtu mmoja, hata kama ni neno zuri. Ukoo wakae, mjomba wao awepo, mwenyekiti wa kijiji asikie, na kila mmoja aseme kwa kinywa chake anatoa nini na hatoi nini.

Wakakaa, kwenye baraza ileile. Walisema mama yangu atakaa, atalima, atapanda miti, atajenga akitaka. Kila mavuno atapeleka kikapu kwa ukoo, kwa ajili ya kukumbushana tu ardhi ni ya nani. Hatauza na hatarithisha. Na yule mama mzee akarudia mara mbili ili baba asikie: "Nampa huyu mwanamke mwenzangu. Simpi mume wake." Yule shemeji, baba alimlipa migomba yake na nyumba yake, akashuka mlima ameridhika, akamshika baba mkono kwa muda mrefu.

Kabla hawajahama nilimweka baba chini nikamweleza kama nilivyofundishwa. Haki amepewa mama. Akiwepo mama, mpo. Mama asipokuwepo, haki imekwisha, na mimi mtoto wala wewe mume hatutakuwa na la kusema. Nilimtaka arudie. Akarudia neno kwa neno, akinitazama kwa macho yasiyo na huruma.

"Kwa hiyo mimi ni mgeni wa mke wangu."

"Ndiyo, baba."

"Na ninyi mliosoma mnaiita hiyo nyumba."

Ufunguo wa kampuni ulikuwa unadaiwa, na wakahama.

Waliishi vizuri kule. Wiki ya kwanza baba alipigilia misumari kila ukuta, hata pasipo na cha kutundika. Alijifunza kuchimba matuta, na mwenye ardhi alikuwa anapita kuyacheka, anauliza kama kwao Njombe maji hupanda mlima. Wageni wakija baba aliwakaribisha kwa sauti kubwa, "Karibuni kwa mama, mimi mwenyewe nimekaribishwa." Watu walicheka, naye alicheka. Ila kikapu cha mavuno hakumwachia mtu mwingine akibebe. Alikibeba mwenyewe mpaka penye bati jipya, kichwani, na magoti yale. Mama alipanda mparachichi, ukazaa. Alinipigia simu asubuhi kuniambia, akalia kwenye simu, nami nikalia.

Vijana wanaoingia kwenye udalali siku hizi huniuliza kama darasa lile lina faida. Huwa nachelewa kujibu. Halikuniletea mteja hata mmoja. Limenikimbizia kadhaa, maana mtu mwenye haraka hapendi dalali anayeuliza mama mkwe yuko wapi. Leseni yenyewe ilikuja baadaye sana kuliko tulivyoahidiwa. Na kuna mambo halikunifundisha: halikunifundisha mama kununua kabichi gulio baada ya gulio mpaka akafahamiana na mtu. Lakini lilinifikisha kwa mtu anayestahili kuulizwa. Kama tungemlipa yule shemeji siku ile na kushuka tunafurahi, yule mwenye ardhi angekuwa adui yetu kortini, na baba angekuwa anasubiri hodi nyingine. Hayo nawaambia, na wengine wananisikiliza.

Mama aliugua muda mfupi, akatutoka. Nilikuwa na hofu juu ya mahali pa kumzika, nikaanza kuwaza safari ya Njombe. Mwenye ardhi alifika kabla sijamwuliza, akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama karibu na mparachichi. "Hapa," akasema. Vijana wa ukoo wake ndio waliochimba.

Tulipomaliza matanga na watu kuondoka, nilibaki mimi na baba. Asubuhi iliyofuata niliamka nikasikia ufagio. Baba alikuwa amefagia vyumba vyote. Misumari ilikuwa imeng'olewa, matundu ameyaziba kwa udongo. Masanduku yako barazani, na yeye amepiga goti anafunga godoro kwa kamba.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Kwako, mpaka nipate chumba. Wewe si dalali?"

"Hakuna mtu aliyekufukuza."

"Safari hii sitaki kungoja waje," akasema. "Ulinieleza mwenyewe, na nikarudia mbele yako. Ulitaka nirudie."

Nilitafuta katika yote niliyofundishwa upenyo hata mdogo, sikuuona. Kila nilichomwambia kilikuwa sahihi. Nikaanza kukunja mablanketi, machozi yananitoka, maana sikujua jambo lingine la kufanya na mikono yangu.

Tukamsikia mwenye ardhi anapanda, anapumua kwa shida, ana chungu cha uji. Baba alisimama wima kama anavyosimama mtu mbele ya ofisi, akamnyooshea ufunguo.

"Dada, nakushukuru," akasema. "Nimefagia. Hakuna kilichoharibika."

Yule mama hakuupokea. Aliweka uji chini. Aliangalia masanduku, akaangalia godoro.

"Unahama?"

"Haki ulimpa mke wangu. Mimi nilikuwa mgeni wake."

"Nilimpa mke wako," akakubali. "Nilimwambia aje akae. Yeye amehama?"

Yule mama akaelekeza kidevu nyuma ya nyumba, kwenye udongo ambao bado ulikuwa mwekundu.

"Mbona mimi namwona yupo. Bado amekaa pale nilipomkaribisha. Sasa wewe unakwenda mjini, unamwacha na nani?"

Baba alikaa juu ya godoro lililofungwa, ufunguo mkononi. Kisha akaniita kwa sauti ndogo, akaniomba nimsaidie kufungua kamba.